Deki mpya ya Blu-ray, spika tano, zinazosema ni mbili

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimenunua deki ya Blu-ray baada ya miaka mingi ya DVD. Nina risiva yenye matundu matatu ya HDMI ya kuingizia na moja la kutolea, spika tano na sabufa. Aliyeniuzia alisema nichomeke deki kwenye runinga kwa HDMI, halafu runinga kwenye risiva kwa waya wa optiki, nami nikafanya hivyo. Picha ni nzuri mno. Sauti ndiyo inanivunja moyo: spika za nyuma zinanong'ona tu, wahusika wanaongea kama wamefunikwa blanketi, kisha bunduki ikilia nyumba nzima inaruka. Diski moja haitoi sauti kabisa. Kwenye kioo cha risiva pameandikwa PL II muda wote. Muuzaji sasa anasema tatizo ni waya, ninunue wa bei kubwa wenye dhahabu. Ni kweli? Na nikishaunganisha sawasawa, nipange vipi hizi spika na hizi menyu zote?

JIBU: Nzuri sana, dada. Kwanza nikutoe wasiwasi: deki yako ni nzima, risiva ni nzima, na waya wako hauna kosa. Kosa ni foleni. Runinga umeiweka kati ya deki na risiva, mahali ambapo haikupaswa kuwa. Nashukuru pia kwa kuninukulia maandishi ya kwenye kioo cha risiva. Wengi huniandikia kwamba "sauti si nzuri" wakaishia hapo, nami nabaki kupiga ramli. Kile kioo ndicho shahidi pekee katika kesi hii asiye na sababu ya kusema uongo, na nitakurudisha kwake mara kwa mara.

PL II ni Dolby Pro Logic II. Hiyo ni mbinu ya risiva kuchukua sauti ya chaneli mbili tu, kushoto na kulia, kisha kukisia ipi ipelekwe katikati na ipi itupwe nyuma. Risiva haihitaji kukisia inapoletewa chaneli sita, tano za spika na moja ya sabufa, zilizokwisha kupangwa studioni. Kwa hiyo kioo kinakwambia wazi: kilichonifikia ni chaneli mbili. Yale manong'ono ya nyuma ni makisio, hayakutoka kwenye diski.

Chaneli nne zimepotelea wapi? Runingani. Vifaa vya HDMI huulizana hali kabla ya kuanza kazi. Ukichomeka deki kwenye runinga, runinga huipa kitambulisho chake: naweza kuonyesha picha ya kiwango hiki, na spika zangu ni mbili. Deki nayo, kwa adabu zake, huzikunja zile chaneli sita zikawa mbili kabla hata hazijaondoka. Zipo runinga zinazokubali kupokea sita, lakini nyingi kati ya hizo zikifika kwenye tundu la optiki hutoa mbili zilezile. Na ile diski yako bubu, sitashangaa ikiwa sauti yake ni ya DTS, mbinu mojawapo ya kubana sauti za filamu, kama ilivyo Dolby Digital. Runinga nyingi hazisomi DTS, na kisichosomeka hakisemwi.

Basi tuisogeze runinga ikae mwisho wa foleni. Zima vifaa vyote na uchomoe kwenye umeme. Waya wa HDMI uliopo kwenye deki uache upande huo ulivyo, lakini ule upande wa runinga uchomoe na uuingize kwenye risiva. Tundu lolote la kuingizia linafaa. Kama mojawapo limeandikwa BD, yaani Blu-ray, chukua hilo. Halina nguvu kuliko wenzake, ila litakupunguzia kutafuta majina kwenye rimoti. Kisha waya wa pili wa HDMI utoke kwenye tundu la kutolea la risiva uende runingani, na kama runinga ina tundu lililoandikwa ARC, lile linaloweza kurudisha sauti ya runinga risivani, uingie humo. Deki, risiva, runinga. Sauti inashuka kituo cha kwanza, picha inaendelea na safari.

Ukiwasha, anza na runinga, ifuate risiva, deki iwe ya mwisho. Si sheria, lakini vifaa hivi hubadilishana funguo za siri za kulinda filamu zisinakiliwe, na mara moja moja mazungumzo yao huvurugika ukabaki na kioo cheusi. Mpangilio huo hupunguza ugomvi. Kwenye rimoti ya runinga chagua tundu ulilochomeka risiva, na kwenye risiva chagua BD. Kuanzia hapo runinga hutaigusa tena kubadilisha chanzo. Risiva ndiyo mwamuzi.

Tahadhari moja. Risiva za mwanzo kabisa kuwa na HDMI, baadhi yake zilipitisha picha tu bila kuigusa sauti. Kama yako ni ya kundi hilo, picha itatokea na spika zitanyamaza hata ukipandisha sauti vipi. Katika hali hiyo, au kwa msomaji ambaye risiva yake haina HDMI kabisa, njia ni nyingine: HDMI itoke deki kwenda runinga kwa ajili ya picha, na waya wa optiki utoke moja kwa moja kwenye deki kwenda risiva kwa ajili ya sauti. Tena nasema deki, si runinga. Optiki ni teknolojia ya Toshiba ya mwaka 1983, na ina kifua chake: hubeba chaneli mbili zisizobanwa, au chaneli sita zilizobanwa kwa Dolby Digital au DTS ya kawaida. Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, zile sauti za Blu-ray zilizobanwa bila kupoteza kitu, hazipiti humo. Lakini usilie. Diski za Blu-ray zenye TrueHD hubeba pembeni yake Dolby Digital inayofika kilobiti 640 kwa sekunde, wakati DVD zako ziliishia 448. Na ndani ya DTS-HD Master Audio mna kiini cha DTS ya kawaida cha hadi megabiti 1.5 hivi, ambacho deki hukichomoa na kukituma chenyewe. Mtu akizisikiliza hizo kwenye spika zilizopangwa vizuri atafurahi kuliko mwenye TrueHD na spika zilizotupwa nyuma ya makochi.

Dekini utakuta swali linalowachanganya watu kuliko yote: bitistrimu au PCM? Chukulia sauti ya kwenye diski ni barua. Ukichagua bitistrimu, tarishi anakuletea bahasha ikiwa imefungwa, unaifungua mwenyewe. Ukichagua PCM, tarishi anaifungua njiani, anaisoma, na kukusomea neno kwa neno mlangoni. Deki ndiye tarishi, risiva ndiye mwenye barua. Kwa HDMI, ikiwa tarishi anajua kusoma sawasawa, ujumbe ni uleule: TrueHD na DTS-HD Master Audio ni mbinu za kubana bila kupoteza, zikifunguliwa zinatoa namba zilezile popote zilipofunguliwa. Anayekwambia anasikia tofauti kubwa kati ya hizo mbili, muulize kwanza kama aliisawazisha sauti iwe na nguvu ileile pande zote.

Pamoja na hayo, chagua bitistrimu, kwa sababu tatu. Ya kwanza, sauti za Dolby Atmos na DTS:X hubeba maelekezo ya wapi kila sauti ielee, na maelekezo hayo hupotea tarishi akishafungua bahasha. Huenda leo huna spika za juu, lakini kesho hujui. Ya pili, kwa njia ya optiki PCM inamaanisha chaneli mbili, basi, na tutakuwa tumerudi kulekule kwenye PL II. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: ukituma bitistrimu, kioo cha risiva kitaandika jina la kilichofika. Kikiandika TrueHD au DTS-HD, umefika. Ukituma PCM kitaandika tu Multi CH, nawe hutajua deki ilifungua bahasha ipi.

Hapa kuna mtego ambao umewanasa hata mafundi. Menyu ya sauti ya deki ina kipengele kinachoandikwa "Secondary Audio" au "BD Audio Mix". Kazi yake ni kuchanganya sauti ya filamu na vitu vidogovidogo: mlio wa vitufe vya menyu, au maelezo ya mwongozaji anayezungumza juu ya filamu. Ili kuchanganya, deki hulazimika kufungua kila kitu, kuchanganya, na kubana upya kwa Dolby Digital au DTS ya kawaida. Unakuwa umenunua diski yenye sauti inayoweza kufikia megabiti 18 kwa sekunde kwa TrueHD, au 24.5 kwa DTS-HD Master Audio, halafu unasikiliza nakala iliyokandamizwa upya kwa ajili ya mlio wa kitufe. Deki nyingine hutoka kiwandani kipengele hicho kikiwa kimewashwa. Kizime. Nimewahi kukaa jioni nzima nikiituhumu risiva ya mteja kwa sababu kioo kiliandika Dolby Digital wakati kasha la diski lilitangaza TrueHD. Nilibadilisha waya, nikabadilisha tundu, nikairudisha risiva kwenye mipangilio ya kiwandani, na kumbe swichi ilikuwa kwenye deki, mstari wa nne wa menyu. Mteja alinipa chai, sikuwa na uso wa kuinywa.

Vingine vya dekini ni vya kupita haraka. Kipengele cha kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, ambacho huitwa DRC, kizime kwa sasa, tutakirudia. Kama kuna kipengele cha kugeuza kila kitu kiwe DTS, kizime pia. Kwenye picha, ruhusu fremu 24 kwa sekunde, kwani filamu nyingi za sinema zilipigwa hivyo. Halafu isasishe programu ya deki, kwa intaneti au kwa flashi. Diski mpya huja na funguo mpya za ulinzi, na deki isiyosasishwa siku moja itakataa kuicheza diski uliyoinunua kihalali.

Na usisahau menyu ya diski yenyewe! Diski moja inaweza kuwa na njia nne au tano za sauti, na inayoanza si lazima iwe bora. Wakati mwingine ni ya chaneli mbili, au ya lugha nyingine iliyobanwa zaidi. Ingia sehemu ya sauti, uchague ile inayotaja TrueHD, DTS-HD au Atmos. Nusu ya kesi za "risiva haisomi" zinazonifikia huishia hapo.

Sasa spika, ambako ndiko ninakotaka ukae muda mrefu kuliko kwenye menyu, maana hakuna kipengele kitakachookoa spika iliyowekwa vibaya. Anza na pale unapokaa, wala usianze na ukuta. Kaa kwenye kiti chako, tazama runinga. Spika ya kati iwe mbele yako, chini au juu ya kioo cha runinga. Spika za mbele za kushoto na kulia ziwe takribani nyuzi 30 kila upande, maana yake wewe na hizo mbili mnafanya pembetatu yenye pande zilizo sawa: zikiwa mita mbili na nusu kutoka kwako, nazo zipishane mita mbili na nusu. Za nyuma, jina lenyewe linapotosha. Katika mpangilio wa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja kama wako, hazikai nyuma ya kisogo. Hukaa ubavuni na kurudi nyuma kidogo, nyuzi 100 hadi 120 ukihesabu kutoka mbele. Ukigeuza shingo kutazama bega lako, spika iwe hapo au nyuma yake kidogo. Zipandishe kuzidi usawa wa masikio, kiasi cha nusu mita hivi, ili aliyekaa karibu nayo asipigwe kelele za sikio moja.

Malalamiko yako kuhusu mazungumzo yaliyofunikwa blanketi yana sababu mbili. Moja tumeishughulikia: Pro Logic ilikuwa inakisia. Ya pili naihisi ingawa hukuitaja. Katika sauti ya 5.1 karibu maneno yote ya wahusika hutoka spika ya kati, na hiyo ndiyo spika ambayo watu huisukumia ndani ya kabati, nyuma ya vikombe na picha za harusi. Itoe mpaka uso wake ulingane na ukingo wa rafu au utokeze kidogo. Ikiwa imekaa chini ya usawa wa masikio yako, iinue pua kwa kipande cha mpira au kitabu chembamba ili ikuelekee usoni. Jaribu hilo tu kabla ya kugusa menyu yoyote, uone blanketi linavyovuliwa.

Kuhusu nyaya za spika: kila spika ina nyekundu na nyeusi, na risiva hivyohivyo. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, tano zote. Ukigeuza moja, spika haitaungua wala haitanyamaza, ndiyo maana kosa hili huishi miaka. Kinachotokea ni kwamba moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, besi inakufa, na sauti inayopaswa kusimama katikati inakuwa haina mahali pa kukaa. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unatosha kwa umbali wa kawaida wa chumba. Kwa spika za nyuma zenye waya mrefu chukua wa 2.5. Sokota nyuzi zake vizuri, usiache hata unywele mmoja ukigusa upande wa pili, risiva itajizima kujilinda.

Ukishamaliza, risiva yako huenda ilikuja na maikrofoni ndogo ya kupimia. Itumie, lakini isiwe kwa kuilaza juu ya mto wa kochi. Iweke kwenye kiguu cha kamera au kitu chochote chembamba, usawa wa masikio, pale unapokaa. Nyumba ikae kimya, feni izimwe, watoto watoke. Risiva itapiga milio, ipime umbali wa kila spika na nguvu yake. Umbali una maana kuliko unavyodhani: sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita moja inakula takribani milisekunde tatu, na risiva huzichelewesha spika za karibu ili zote zikufikie pamoja. Kama huna maikrofoni, chukua futi ya kupimia, pima kutoka kila spika hadi kwenye kichwa chako, uandike namba hizo kwenye menyu. Kwa nguvu ya sauti, washa ule mlio wa majaribio wa risiva, mlio kama wa mvua juu ya bati, uusikilize ukizunguka kutoka spika hadi spika, upandishe na kushusha mpaka zote zilingane.

Kipimo kikiisha, usikiamini kwa asilimia mia. Umbali wa sabufa mara nyingi hutoka mrefu kuliko wa kweli. Usiurekebishe, maana sabufa ina saketi zake zinazochelewesha sauti na risiva imezihesabu. Lakini angalia kama imeziita spika zako za mbele kubwa. Risiva hupenda kuzisifia spika. Kama si zile za kusimama zenye wufa za maana, ziite zote ndogo, na mpaka wa kugawana na sabufa uuweke kwenye hezi 80. Chini ya hapo kazi yote ni ya sabufa, na spika ndogo zinapumua. Kama ni zile ndogo sana za kukaa kiganjani, panda hadi 120 au hata 150. Kwenye sabufa yenyewe, kile kitufe cha kuzungusha cha mpaka wa besi kizungushe mpaka mwisho, kwa kuwa risiva ndiyo inayogawa. Ukiacha vyote viwili vikigawa kutakuwa na shimo katikati.

Sabufa ikae wapi? Masikio hayajui besi nzito inatoka upande gani, kwa hiyo una uhuru, lakini chumba kina hila zake: mahali pamoja besi inajaa hadi inakera, hatua mbili pembeni haipo. Kuna njia ya mafundi inayochekesha wageni. Weka sabufa juu ya kiti unachokalia, piga muziki wenye besi inayotembea, kisha tambaa kwa magoti kando ya kuta ukisikiliza. Pale utakapoisikia besi ikiwa imenyooka, kila noti na uzito wake, ndipo pa kuiweka. Funga mlango kwanza, usije ukaulizwa maswali.

Turudi kwenye bunduki inayorusha nyumba. Hapo hakuna kilichoharibika. Filamu hutengenezwa ikiwa na mnong'ono wa chini kabisa na mlipuko wa juu kabisa, kwa kumbi zinazoweza kubeba yote mawili. Ukisikiliza kwa sauti ya chini usiku, mnong'ono unazama na mlipuko unabaki. Baada ya kuitoa spika ya kati kabatini na kuipima, iongeze desibeli mbili au tatu juu ya kipimo. Kwangu hilo linatosha usiku mwingi. Lisipotosha, washa hali ya usiku kwenye risiva, ambayo hufanya kazi ileile ya DRC ya dekini. Ndiyo maana nilikwambia uizime kwenye deki: kazi moja ifanywe mahali pamoja, penye kitufe cha karibu, ukijua ukiizima imezimika kweli.

Kuna tatizo moja ambalo huenda hukuwa nalo na mpangilio mpya ukakuletea. Runinga za sasa huichezea picha sana kabla ya kuionyesha, na hiyo huchukua muda. Sauti sasa inashuka risivani bila kungoja, kwa hiyo unaweza kusikia neno kabla mdomo haujafunguka. Risiva ina kipengele cha kuchelewesha sauti kwa milisekunde. Anza na 40, ambayo ni karibu sawa na fremu moja ya filamu, ongeza kidogokidogo ukitazama mtu anayezungumza uso kwa uso na kamera. Ukiona maneno yameanza kubaki nyuma ya midomo, rudi hatua moja. Unaweza pia kuizima ile minakshi ya picha ya runinga, hasa ya kulainisha mwendo, ambayo mimi huizima kila ninapoikuta.

Programu za ndani ya runinga nazo zitahitaji kufika kwenye spika. Hapo ndipo ARC inapofaa: ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, na huirudisha sauti ya runinga risivani kupitia waya uleule wa picha. Iwashe kwenye runinga na kwenye risiva, pamoja na ile huduma ya vifaa kuamrishana, CEC, ambayo kila kampuni huipa jina lake: Anynet+ kwa Samsung, Simplink kwa LG, Bravia Sync kwa Sony. Kisha zima spika za runinga zenyewe, la sivyo utasikia mwangwi. Kama risiva yako ni ya kabla ya ARC, usiutupe waya wa optiki. Uache palepale kati ya runinga na risiva, kwa ajili ya vipindi vya runinga tu.

Sijakusikia ukitaja 4K. Kama siku moja utachukua deki ya 4K, jua kwamba risiva ya zamani inaweza kuizuia hiyo picha isipite. Deki kadhaa za 4K zina matundu mawili ya HDMI ya kutolea, moja likipeleka picha runingani na jingine likipeleka sauti peke yake kwenye risiva. Tafuta ya namna hiyo kabla ya kufikiria kuibadilisha risiva ambayo bado inaimba.

Na dhahabu ya muuzaji wako? Waya wa HDMI hubeba namba. Namba zikifika, zimefika. Zisipofika utaona vitone vyeupe vikimetameta kwenye picha, sauti ikikatikakatika, au kioo cheusi kabisa. Waya hauwezi kukupa picha "nzuri mno" na wakati huohuo ukazipoteza chaneli nne za sauti. Dhahabu inazuia kutu kwenye ncha, hilo tu, na hata nyaya za kawaida nyingi zimepakwa. Utahitaji waya mmoja wa ziada, ule wa risiva kwenda runingani. Nunua wa kawaida wenye alama ya kasi ya juu, usiwe mrefu kuliko unavyohitaji, na salio weka kwa ajili ya vikalio vya spika.

Ukimaliza yote, weka ile diski iliyokuwa bubu. Kabla hujasikiliza chochote, inama usome kioo cha risiva. Kikiandika DTS-HD MSTR au jina la jamii hiyo, kaa chini utazame filamu. Kikiandika DTS peke yake, rudi kwenye ile swichi ya kuchanganya sauti. Kikiandika PL II tena, usichomoe kitu. Bonyeza kitufe cha sauti kwenye rimoti ya deki uone diski imechagua njia ipi, halafu uangalie kama deki haijarudi kwenye PCM. Ikigoma bado, niandikie herufi zote unazoziona pale kiooni, hata zile ndogo za pembeni.